Vidole Vinne Kwenye Filamu

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta magoti yamekubali kukubeba, na masikio, kama bado yamegoma, angalau hayaumi. Kwenye simu hunisikii, ndiyo maana nimenunua bahasha.

Sisi wazima. Baba Pilipili bado anachomelea mageti, anarudi ananuka chuma. Pilipili ametimiza miezi saba jana na ana meno mawili. Jina lake analitendea haki: akianza kulia, jirani wa juu anafunga madirisha. Mimi nimerudi kazini kwa dobi, napokea nguo na kuandika vikaratasi. Usingizi nimeusahau hata rangi yake. Juzi, utacheka, nilifunga mlango wa dobi, nikatembea hatua kama thelathini, ndipo nikakumbuka Pilipili amelala ndani, kwenye kapu la mashuka. Nilirudi mbio mpaka kandambili ikakatika.

Sasa lililonifanya niandike. Tangu tumzike baba, masanduku yake ya studio yako chini ya kitanda changu. Ni kumi na moja, yamejaa zile negativu kubwa za bapa, inchi nne kwa tano, kila moja ndani ya bahasha yenye mwandiko wake. Zimeanza kunuka siki. Mwenye duka la picha ameniambia harufu hiyo ni ya filamu inayokufa: itanywea, itajikunja, na dawa hakuna ila kuzipiga skana mapema. Nikimpelekea yeye, bei anayotaka kwa negativu moja utadhani anapiga harusi. Nimeona bora ninunue skana yangu ya mezani, ya mtumba, nifanye polepole mtoto akilala. Wewe ndiye uliyekuwa ukimrekebishia baba picha studio, kisha ukakaa miaka ishirini chumba cha skana huko kwa wachapaji. Nimuulize nani mwingine?

Kwa muuza vifaa vya ofisi, yule wanayemwita Injinia, ziko mbili. Moja ni nyepesi na bei yake inabebeka. Kifuniko chake kina taa ya filamu, lakini ni mstari tu, upana wa vidole vitatu. Nyingine ni nzito kama jiwe la kusagia, taa imejaa kifuniko kizima, na bei yake imenikwama kooni. Nichukue ipi?

Na dogo moja. Mmeniambia siku zote kwamba mama alifia kwenye uzazi wangu na hakuacha picha. Mke wa mpiga picha, Shangazi, hata moja! Pilipili ana paji la uso ambalo si la kwetu wala la kwa baba yake. Nimefika umri huu sijui sura ya mama yangu. Huenda kajificha mahali humo masandukuni. Ndiyo sababu yangu hasa, hayo mengine ni maelezo.

Mwanao

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika na doa la uji pembeni, nikajua kwamba mtoto anakula. Huku mvua haikatiki. Paa la jikoni linavuja mahali palepale, nami nimeweka sufuria ileile. Magoti ni hayo hayo.

Habari ya kapu sikucheka. Usimwambie mtu yeyote, hata mumeo, hata nesi wa kliniki. Mtu akikuuliza, sema ulimwacha na mwenzako wa kazini.

Skana chukua ile nyepesi. Ile kubwa taa yake ikiungua spea hupati, na mezani kwako haitoshi. Anza na zile filamu ndogo za rola, picha za shule na za sherehe. Zile za bapa ni za wateja, wengi wameshakufa na hawakuhusu.

Picha ya mama yako haipo. Usijichoshe kuitafuta. Waliolala waache walale, na wewe ulale.

Shangazi yako

6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sufuria ya chini ya paa iko wapi sasa, imehama? Sisi wazima, ila Pilipili alipata homa ya jino la tatu na nyumba nzima ikaipata.

Nilikutii, nikanunua ile nyepesi. Injinia aliifunga kwa kamba akaniuliza, "Dada, unataka kupigia nini?" Nikamwambia negativu za inchi nne kwa tano. Akasimamisha mikono. "Na hii? Hii ni ya mikanda midogo. Ni kama kumvika tembo kandambili." Nikamwambia shangazi yangu anajua kuliko wewe. Akasema, "Basi shangazi ana lake," akaendelea kufunga.

Filamu ndogo za rola hazimo, Shangazi. Hakuna hata moja. Baba hakupata kutumia rola studio, nawe ulijua.

Kwa hiyo nikaanza na zile za bapa, nusu nusu. Naweka upande wa kushoto chini ya ule mstari wa taa, napiga, nasogeza, napiga wa kulia, kisha naziunganisha kwenye kompyuta. Mwanzo zilitoka na mabaka kama mafuta juu ya maji, mpaka nilipokata fremu ya boksi la maziwa nikaiinua filamu kidogo isigusane na kioo. Nafanya mchana, siku zangu za mapumziko, Pilipili akilala.

Sanduku la nane lina bahasha ameandika "Familia. Dirishani." Nilijua ni ile ya ukutani kwetu: baba amesimama, mimi nimekaa juu ya kiti kirefu peke yangu, nyuma shuka jeupe. Nikapiga nusu ya kwanza. Baba huyu hapa na tai yake. Nikapiga nusu ya pili.

Ile ya ukutani ni nyeupe tupu pale nyuma yangu. Skana inaona zaidi ya karatasi. Shuka lina mikunjo, lina vivuli, limechoka kama shuka la kweli. Lakini kunizunguka mimi kuna mahali hapana mkunjo hata mmoja. Ni peupe kama pamekwanguliwa, na pana umbo: bega, shingo, kichwa kilichoinama kidogo, mkono uliopinda. Mtu mzima, Shangazi, ametengenezwa kwa weupe, yuko nyuma yangu, amenishika. Nilifunga kompyuta. Nikaenda nikamwamsha Pilipili bila sababu, ili mtu alie humo ndani.

Nilivyorudi nikaishika negativu yenyewe dirishani. Pale palipo na umbo pamepakwa kwa brashi rangi nyekundu nzito isiyopitisha mwanga, ndiyo inayotoka nyeupe kwenye picha, pembezoni safi kama kazi ya mshonaji. Kazi kama hiyo studio ile aliweza mtu mmoja.

Kisha nikakuza picha. Nilikuwa nacheka, na mdomoni nina meno mawili. Mtoto ambaye mama yake alifia uzazi hana meno siku hiyo.

Na chini ya kwapa langu, kwenye mikunjo ya gauni ambapo rangi haikufika, kuna vidole vinne.

Ni nani huyo?

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mvua imekatika. Nimeuza kabati.

Filamu zikivunda hutoa mvuke mbaya, na una mtoto mchanga ndani. La kuvunda halina ubani. Zichome zote nje, kwenye upepo, na ile mashine mrudishie Injinia.

Macho yananisumbua, siwezi kuandika zaidi.

Shangazi yako

12 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Pole na macho. Kabati uliuza la nini, ulikuwa unalipenda.

Mashine nimemrudishia Injinia kama ulivyosema. Nikamwongezea, nikachukua ile kubwa. Alicheka mpaka akakaa. "Nilijua utarudi. Shangazi hajambo?" Nikamwambia hajambo, anauza makabati. Imejaa meza yote, sasa tunakula tumepakata sahani, na Baba Pilipili ameiita shemeji yake.

Sitachoma kitu. Nimeyahamishia masanduku stoo, mbali na mtoto, kwa hiyo mvuke usiwe sababu.

Nakuheshimu, wewe ndiye uliyenilea. Ndiyo maana nasema nawe wazi na si kwa watu. Miaka ishirini umekaa na skana. Ulijua taa ya vidole vitatu haitoshi negativu ya inchi nne, na ulijua rola hazipo. Ulitaka nichoke. Kuchoka nimeshachoka, Shangazi, tangu Pilipili azaliwe sijalala saa tatu mfululizo, kwa hiyo hilo halinitishi tena.

Nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Tangu ile siku, kila nikimpakata Pilipili naona mikono yangu inakuwa myeupe. Nikimweka kwenye kiti natazama chini ya kwapa lake kama vidole vyangu bado vipo. Juzi kwa dobi mteja alinisemesha mara mbili nikadhani hanioni. Na nakumbuka ulivyoandika: habari ya kapu usimwambie mtu, hata nesi. Kwa nini hata nesi? Nani alimwambia mtu, na akafanywa nini?

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi mshindo wake naukalia hapa kila siku. Usiniambie kuhusu mvua.

Mwanao

19 Julai

Mwanangu,

Marahaba, mara nyingi, kwa salamu zako na kwa uvumilivu wako. Barua hii nimeianza mara nne. Kabati niliuza kwa sababu ndani ya mlango wake nilikuwa nimebandika picha yako, ile ile, na sikuweza tena kufungua nikachukua nguo.

Mama yako hakufa akikuzaa.

Alikuwa mtu wa mzaha, anapiga miluzi akifua. Ulipozaliwa miluzi ikakoma. Halali hata ukilala, analia akichambua mboga, anasimama mlangoni akiwa amesahau anatoka au anaingia. Leo nesi angelijua jambo hilo kwa jina lake, na dawa angepewa. Sisi tulisema ni uvivu, kisha tukasema ana mambo. Siku moja alikupeleka kliniki akarudi nyumbani mikono mitupu, akawasha jiko. Alikuwa amekusahau kwenye benchi. Akakumbuka, akakimbia, akakukuta unacheza na funguo za mlinzi. Hukuwa na mkwaruzo. Jioni akatusimulia, akijicheka, kama ulivyonisimulia wewe habari ya kapu. Kaka hakucheka. Ulikuwa na miezi saba. Wiki iliyofuata alimrudisha kwao na sanduku moja, na wewe ukabaki.

Picha hiyo mlikuwa mmepiga siku chache kabla. Ilikuwa nzuri, ikawekwa dirishani pa studio, upande wa barabara, kuvuta wateja. Mama yako akawa anakuja kila Alhamisi. Haingii wala habishi hodi. Anasimama nje anakutazama wewe kwenye picha, muda wa mtu kusubiri basi, kisha anaondoka. Watu wakaanza kusema. Kaka akaniambia nimwondoe kwenye negativu, tusafishe nyingine tuiweke palepale. Akanipa wembe nimkwangue kabla ya kupaka rangi, kwa sababu akitaka jambo liishe alitaka liishe. Ukikwangua filamu kwa wembe, kilichokuwepo hakirudi.

Nikafanya. Picha mpya ikakaa kwenye fremu ile ile. Alhamisi akaja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha giza. Alitazama akadhani kioo kina vumbi, akapangusa kwa kiganja. Akatazama tena. Kisha akaacha kiganja pale, mahali alipokuwa yeye, akakaa hivyo. Akaondoka. Alhamisi iliyofuata hakuja, na nyingine, na zote zilizofuata. Nilitoka na kitambaa nikafuta alama ya mkono wake, kwa sababu kufuta vioo ilikuwa kazi yangu.

Kama yu hai sijui. Kwao walihama. Nikikwambia nimesikia habari zake nitakuwa nakudanganya tena. Maneno ya kwamba alifia uzazi alianza kuyasema kaka, ulipoanza kuuliza. Mimi nilinyamaza. Nimenyamaza mpaka kaka mwenyewe akafa, na bado nikanyamaza, hapo sina wa kumsingizia. Ulipotaja skana nikaona utalala na kuamka na weupe ule, nikataka taa iwe nyembamba.

Sasa sikiliza kazi, hii najua. Wembe sikuutumia. Kaka alidhani niliutumia. Nilipaka ile rangi nyekundu ya kuzibia, na hiyo ni ya maji. Nilipaka upande unaong'aa, si upande ule usiong'aa wenye picha. Vidole nisingeviziba bila kuharibu gauni lako, lakini pia sikutaka.

Tafuta maji safi ya uvuguvugu na pamba. Lowanisha pamba, ikamue, iweke juu ya rangi, subiri. Usisugue. Inyanyue, weka nyingine. Upande wa picha usiguse maji kabisa, filamu imeshadhoofika. Ikauke yenyewe, mbali na jua. Kisha iweke kwenye ile mashine yenye taa nzima, uipige mara moja tu, bila kuigawa.

Na ile habari ya kapu mwambie nesi. Mwambie kesho. Mwambie na mumeo. Mwambie na ile ya mikono kuwa myeupe. Hilo ndilo nililopaswa kuandika Machi.

Shangazi yako

11 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Sisi tupo. Pilipili anatembea hatua nne kisha anakaa na kujipigia makofi.

Nesi nimemwambia, yote. Hakunishangaa. Alivuta kiti akaniuliza nalala saa ngapi, kisha akamwita Baba Pilipili aingie, akamwambia, "Baba, mageti hayalii, mtoto ndiye anayelia. Usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili ni wako." Amekubali, na mimi nimepewa vidonge na siku za kurudi. Wiki iliyopita nililala saa sita mfululizo. Niliamka nikadhani nimekufa.

Negativu niliiosha kwa dobi, meza ya nyuma, mchana. Madoa nimeyazoea, lakini nilinawa mikono mara nyingi kuliko siku niliyopokea suti ya hakimu. Pamba ya kwanza ilitoka ya waridi. Ya pili nyekundu. Nilitumia thelathini na moja. Haikuacha hata alama, Shangazi. Sijui kama ulipaka ili kumwondoa au ili kumhifadhi. Nadhani nawe hujui.

Nikaipiga mara moja, nzima.

Paji la uso ni lake. Haangalii kamera, ananiangalia mimi. Kitambaa cha kichwa kimelegea, kola imekunjamana, na chini ya macho ana vifuko. Nilikuwa nimejiandaa kuona mgonjwa au malaika. Nimeona mtu aliyechoka tu, Shangazi. Amechoka kama mimi. Na amenishika vizuri.

Nilikupigia kelele peke yangu siku mbili. Sijakusamehe, na sitasema nimekusamehe ili barua iishe vizuri. Lakini umeniambia, na hukutumia wembe. Nimekutengea kitanda cha pembeni ya dirisha. Njoo kabla mvua hazijarudi, hilo paa liache livuje lenyewe. Nataka mnieleze, wewe na magoti yako, alikuwa anapiga miluzi ya namna gani.

Nimeisafisha moja kubwa. Ile ya ukutani nimeitoa. Hii mpya sikuitundika kwetu. Nimekwenda ilipokuwa studio, siku hizi kuna muuza mapazia. Nikamwomba aniwekee dirishani, upande wa barabara. Akaniangalia. "Dada, nikimweka mama yako hapa, mapazia nitayauza mlango wa nyuma?" Nikamwambia ni pembe moja tu, na mashuka yake nitamfulia bure mpaka Desemba. Akasema, "Basi mama akae." Tumeitundika chini kidogo, usawa wa macho ya mtu aliyesimama nje.

Nimekuwa nikipita pale Alhamisi, na Pilipili mgongoni. Wiki mbili sikuona mtu. Jana nilipofika muuza mapazia alikuwa amenuna. Ametoka asubuhi kufungua duka, anasema, akakuta alama ya kiganja cha mtu kwenye kioo alichokisafisha jioni, palepale mbele ya picha, akaifuta.

Nikamuuliza kilikuwa kikubwa au kidogo, cha mzee au cha mtoto.

"Mimi napima madirisha," akasema, "viganja sipimi."

Nimemwambia kikitokea tena asifute.

Mwanao